Mapezi Niliyojichagulia

Msibani kwa Mzee Sefu, Makambako, nilimkuta Odilo amekaa chini ya turubai katikati ya vijana, anawasimulia habari za mwaka ule. Sikuwa nimemwona Odilo tangu akiwa kijana mwenye mabega mapana kama mlango; sasa kichwa kilikuwa cheupe na akiinuka anashika kiuno. Nilifurahi kumwona, Mungu anajua, nusura nilie. Lakini nilipoketi kwenye mkeka upande wa wanawake nikamsikia anamalizia: "Ndipo marehemu akamchagulia Kandida mapezi ya njano ya kupigia mbizi, akamvisha, akamwambia shuka, akashuka." Vijana wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nikasimama. Mama Zaituni, mjane wa marehemu, alikuwa kando yangu ndani ya buibui lake, akanivuta kitenge na kuninong'oneza, "Kandida, leo hapana." Nikakaa. Kwa ajili yake nilikaa. Ila nilijiambia kwamba nikirudi kwangu Njombe nitaandika mambo yalivyokuwa, maana marehemu anastahili heshima yake, na mimi niliye hai nastahili yangu. Mzee Sefu alinifundisha kupumua chini ya maji. Alinifundisha kuisikiliza kamba, na kutofanya papara hata pale moyo unapogonga masikioni. Hayo nayakubali mbele ya yeyote. Mapezi hakunichagulia. Mapezi nilijichagulia mwenyewe, akanikatalia, na karibu mwaka mzima ule tuligombana juu yake.

Habari za ukoo wangu naziruka, hazihusiki. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, niliyekulia jirani na misheni moja nje ya Njombe, na nilijua kuogelea kwa sababu misheni ilikuwa na bwawa la kuzungusha mtambo wa umeme, na watu wazima waliotukataza kuingia humo walikuwa na kazi nyingine za kufanya. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Maduka yaliyozoea kukaa na rafu tupu yalijaa ghafla sabuni za kila rangi, na Makambako, pale barabara ya Njombe inapoungana na barabara kuu, vibanda vilizuka kama uyoga. Nilikwenda huko kutafuta kazi, nikaipata kwenye mgahawa wa Mama Zaituni, ambako madereva wa malori walikula pilau Ijumaa na makande siku nyingine, wakisemezana kwa Kiswahili cha kila pembe ya nchi. Mimi Mkatoliki niliyezoea kusalimia watu "kamwene" nilijifunza kupokea "asalaam aleikum" huku nikigeuza chapati. Hakuna aliyeniona kituko, wala mimi sikuwaona wao vituko. Kituko kilikuwa chumba changu.

Chumba kilikuwa nyuma ya jiko. Upande mmoja yalipangwa magunia ya mchele kutoka Usangu. Upande wa pili ilisimama mitungi miwili mirefu ya chuma, ya kijivu, na katikati kilibanwa kitanda changu cha kamba. Kwenye misumari ilining'inia nguo nyeusi ya mpira yenye harufu ya tairi, mkanda wenye vipande vizito vya madini ya risasi, na mapezi meusi marefu yaliyonifanya, kila nilipoamka, nidhani kuna samaki wakubwa wamekauka ukutani. Wiki ya kwanza nilidhani mitungi ile ni ya gesi, nikawa nalala nimeipa mgongo huku nikisali isilipuke. Mama Zaituni alipogundua alicheka hadi akaacha kukanda unga. "Hewa tu, mwanangu. Hewa hiihii unayovuta bure. Mwenzangu ndiye aliyeona ni mali ya kufungiwa chumbani."

Mwenziwe, Mzee Sefu, alikuwa mtu wa Pangani, mfupi mwenye kifua kipana, aliyefanya kazi ya kupiga mbizi bandarini kwa miaka mingi mpaka sikio lake moja likapasuka, na hata kabla halijapona watu wakapunguzwa kazini, naye akiwamo. Mashirika ya umma yalikuwa yakifa na kuuzwa vipande vipande. Kwenye mnada wa shirika moja alinunua kompresa ya kujazia hewa ambayo hakuna mtu mwingine aliyejua ni ya nini, akaipakia kwenye lori la shemeji yake, akaja nayo Makambako. Watu walimcheka: mpiga mbizi huku milimani! Lakini yeye alikuwa amepiga hesabu yake. Mashamba ya chai yalikuwa na mabwawa, misheni zilikuwa na mabwawa, viwanda vya mbao vilikuwa na mabwawa, na mafundi wa serikali waliokuwa wakija kusafisha milango ya maji hawakuja tena. Alichokosa ni watu wa kushuka, maana daktari alikuwa amemwambia akizama tena atalipoteza na sikio la pili.

Kati ya chumba changu na sebule yao palikuwa na ukuta mwembamba wa ceiling board tu, na mchana, wateja wakishapungua, nilisikia kila kitu.

"Odilo peke yake hatoshi," Mzee Sefu alisema siku moja. "Mtu hashuki bila mwenzake wa kumfuata likitokea jambo."

"Tafuta wengine," akajibu Mama Zaituni.

"Wamekimbia. Wanasema kwenye mabwawa ya huku kuna nyoka mkubwa."

"Kwani wewe unajua hayupo?"

"Mama Zaituni!"

"Nauliza tu, bwana."

Odilo alikuwa kijana wa Mahongole, mpole, mpenda kula, aliyeyafanya maneno ya Mzee Sefu kuwa sheria. Mwezi wa nne walipata kazi kwenye bwawa la misheni yangu ya utotoni, na mimi nikachukuliwa kwenda kuwapikia. Nilikaa kwenye mteremko juu ya bwawa nikimenya viazi, huku Sista Immakulata, aliyesimamia mtambo, akitembea ukingoni na buti za mvua chini ya kanzu yake. Odilo akashuka, akatoka midomo imekuwa rangi ya zambarau, akasema haoni kitu. Mzee Sefu akamwambia ashuke tena. Nilimtazama yule kijana anavyotetemeka, nikatazama maji niliyoyajua tangu nikiwa na meno ya utoto, na kitu kikaniwasha. Nikaweka kisu chini, nikakaza kitenge kifuani, nikaingia. Nilipita chini kwa chini nikatokea upande wa pili, penye mikaratusi. Nilipogeuka wote walikuwa wamesimama, na Sista ameshika mdomo.

"Nani kakufundisha?" Mzee Sefu akaita.

"Hakuna."

"Inaonekana. Unapiga maji kama mtu anayefukuza kuku." Akaanza kukunja kamba ya Odilo. "Lakini pumzi unayo."

Ndivyo nilivyoanza. Mama Zaituni alimwambia mumewe atamuua mtoto wa watu. Mtoto wa watu akasema ataanza kesho. Mzee Sefu alinifundisha kwa ukali na kwa haki, sikuzote kwa mpangilio uleule: kwanza kupumua, halafu kamba, halafu mkono, mwisho mguu. Kamba ilikuwa na lugha yake. Ukivuta mara moja, niko salama. Ukivuta mara mbili, nipe urefu. Ukivuta ovyo ovyo, nakufa. Nilipokuwa nikikosea alinyamaza tu mpaka niligundue kosa langu mwenyewe. Na kwa jinsi alivyokuwa mwalimu wa namna hiyo, hadi leo sielewi kwa nini kwenye mapezi alikuwa jiwe.

Alikuwa na jozi tatu, zote kutoka bandarini, zote sawa: raba nyeusi nene, ndefu kutoka ncha ya vidole hadi nusu ya paja langu, ngumu kama ubao, na zenye kiatu kizima kinachofunika mguu mpaka kisigino. Zilitengenezwa kwa miguu ya wanaume na kwa maji ya pwani, ambako mtu huingia peku. Mguu wangu ulicheza ndani kama kijiko kwenye debe. Akanijazia vitambaa mbele. Vitambaa vikalowa, vikajikunja, vikanichubua. Nikivaa soksi za sufu kwa ajili ya baridi, kisigino hakiingii. Nikizivua, baada ya muda mfupi sizisikii nyayo zangu. Na ugumu ule! Kila teke lilikuwa kama kusukuma mlango uliofungwa. Misuli ya mashavu ya miguu ilikaza, nikawa natoka majini nachechemea, na usiku misuli ile inanigeuza kitandani kati ya magunia na mitungi.

"Mzee, haya mapezi hayanifai," nilimwambia tukiwa tunakunywa chai ya tangawizi uani.

"Mapezi hayamfai nani? Nimefanyia kazi haya miaka kumi na tano."

"Nimesema hayanifai mimi."

"Mpiga mbizi anavaa anachopewa. Miguu itazoea."

"Haitazoea," nikasema. "Nitatafuta yangu."

Akacheka kwa ukarimu, kama mtu aliyeambiwa na mtoto kwamba anahamia mwezini. Lakini nilikuwa nimeona kitu sokoni.

Soko la mitumba la Makambako siku zile lilikuwa dunia nzima imetupwa chini. Robota la nguo likikatwa, zinatoka suruali na makoti, halafu zinatoka na vitu ambavyo hata muuzaji havijui: buti za plastiki za kutelezea juu ya theluji, helmeti zenye vyuma usoni, glovu kubwa kama mito. Kwenye kibanda cha Mkinga mmoja kijana, mwenye maneno mengi, nilikuwa nimeona rundo la kile alichokiita miguu ya bata. Mara ya kwanza niliamini macho tu. Nikachagua ya bluu, mepesi, laini, mazuri kama ua. Mkinga akahangaika kunitafutia la kulia na la kushoto, nikamwambia hayana kulia wala kushoto, akasema basi angekuwa anauza moja moja. Nikaenda nayo majini kwa majivuno. Yalijikunja kama karatasi. Nilipiga mateke mpaka pumzi ikaniishia na nikabaki palepale nilipo, na nilipotoka Mzee Sefu alikuwa amekaa juu ya jiwe anajifuta machozi ya kicheko. "Umenunua kandambili," akasema.

Sawa, nilikosea. Kukosea mara moja hakukumaanisha nirudi kwenye yale meusi. Nikayarudisha kwa Mkinga, naye akasema mali ikishatoka kibandani haina kurudi. Nikamwambia sawa, nikaketi mbele ya kibanda chake, na kila aliyekuja kuuliza bei ya kitu nikamweleza kwa upole kwamba huyu bwana hapokei kitu kilichorudi. Haikufika adhuhuri akaniambia, "Dada, chukua unachotaka, uondoke."

Safari hii nilikuja nimejiandaa. Nilibeba raba zangu za turubai na soksi mbili za sufu, nikavaa vyote palepale juu ya gunia, nikaanza kujaribu pezi moja baada ya jingine. Yale ya kiatu kizima niliyasukuma kando. Nilitaka yaliyo wazi nyuma, yenye mkanda unaopita kisigino, ili raba na soksi zangu ziingie ndani na niweze kukaza au kulegeza. Nikavuta kila mkanda nikitafuta nyufa, maana raba ya mtumba huonekana nzima mpaka uinyooshe. Nikalishika kila pezi kwenye kiatu chake, nikaegemeza ncha yake gotini, nikalipinda: lililokataa kupinda nikalitupa upande huu, lililopinda na kubaki limelala kama yale ya bluu nikalitupa upande ule. Mwishoni ikabaki jozi moja ya njano iliyopauka, fupi na pana, iliyopinda kwa kusitasita na ukiiachia inarudi yenyewe. Nikaivaa, nikakaza kifungo cha mkanda, nikatikisa vidole ndani. Vilicheza, kisigino hakikucheza. Halafu nikainuka, nikatembea. Mapezi hayaendi mbele vizuri, kwa hiyo nilitembea kinyumenyume, nikapita safu ya makoti, safu ya viatu, hadi kwa wauza viazi. Soko zima likasimama. "Bata! Bata huyo!" watoto na watu wazima wakapiga mbinja, na mwanamke mmoja akauliza kwa sauti kama nimelogwa. Ningeweza kuyavua. Nilikwenda hadi mwisho wa safu, nikageuka, nikarudi kwa njia ileile, polepole, kwa sababu nilitaka kujua kama yanabana nikiwa nimechoka. Hayakubana.

Mzee Sefu alipoyaona hakucheka. Alisema yale ni ya mchezo, ya watu wa kwenye mabwawa ya hoteli. Akanikataza kuyavaa kazini. Kwenye mazoezi nilivaa. Akiwa haangalii kazini nilivaa. Akiangalia nilivaa meusi, nikavumilia, na hasira ikawa inapanda taratibu.

Mwezi wa saba Sista Immakulata akatuita. Magogo na matope yalikuwa yameshindilia chujio la vyuma kwenye mlango wa maji, mtambo unazunguka kwa shida, mashine ya kusaga inasimama hovyo, taa za wodi za hospitali ya misheni zinakuwa nyekundu. Huo ni mwezi ambao Njombe nyasi za asubuhi huwa nyeupe kwa barafu na huvunjika ukizikanyaga. Tulilala nyumba ya wageni ya misheni, na asubuhi tukakaa kwenye meza ndefu, tukala uji wa ulezi na viazi vya kuchemsha, mvuke ukitutoka vinywani pamoja na maneno. "Tumsifu Yesu Kristo," Sista akaingia. "Milele amina," nikajibu. Mzee Sefu akamsalimia kwa heshima, kisha akaweka jozi mbili za mapezi meusi kwenye benchi.

"Leo kazi ni nzito. Wote wawili mnavaa haya. Yana nguvu ya kusukumana na mkondo."

"Mkondo hakuna, Mzee," nikasema. "Fundi wa mtambo amefunga valvu ya chini. Kuna matope na magogo na nafasi finyu. Haya marefu hayageuki mle."

"Sikukuuliza."

"Najua. Na miguu yangu haijaulizwa tangu mwezi wa nne."

Odilo akacheka, kisha akainamia uji wake. Wafanyakazi wa misheni waliokuwa mlangoni wakasogea kusikiliza. Mzee Sefu akaweka kikombe chini.

"Kandida, mimi nimeanza kuzama hujazaliwa."

"Baharini, Mzee. Kwenye maji ya moto, ukiwa peku. Huku unatutaka tuvae soksi halafu unatupa viatu visivyoingia soksi."

"Ukivaa ya njano, hushuki."

"Basi sishuki. Na nikivaa yako sishuki vilevile. Maji yako pale, kazi ni yako. Amua."

Sijawahi kumjibu mtu mzima namna ile kabla ya siku hiyo, na tangu siku hiyo nimefanya hivyo mara kadhaa. Mzee Sefu akainuka, akamwambia Odilo wanakwenda. Odilo alinitazama kama anayeniomba nikubali. Akabana nyayo zake, soksi na vyote, ndani ya yale meusi, akitumia sabuni ili ziingie.

Nami nikatoka nyuma yao. Sikutaka mtu aseme niliogopa baridi. Nikavaa masweta mawili, ovaroli, mkanda wa risasi, soksi, raba. Nikajifunga mtungi wa pili mgongoni. Nikafunga mapezi yangu ya njano, nikakaa juu ya ukuta wa bwawa mbele ya macho ya Mzee Sefu, nikining'iniza miguu. Alijua maana yake: likitokea jambo, wa kumfuata Odilo ni mimi. Hakunitazama. Alikuwa ameshika kamba ya Odilo kwa vidole vyake viwili kama mtu anayempima mgonjwa mapigo.

Mara moja, salama. Baadaye, mara moja, salama. Halafu kamba ikaanza kuruka ovyo. Mzee Sefu akavuta, ikakataa. Akavuta na wafanyakazi wawili, ikakaza kama imefungwa kwenye nguzo. "Acheni! Acheni, mtamkata!" akapiga kelele, na nikamwona anavua koti, anavua kofia, na Sista anamshika mkono akimwambia, "Mzee, sikio lako, Mzee!" Nilikuwa nimeshavaa miwani. "Kandida, subiri kwan—" Sikusikia yaliyofuata.

Chini hakukuwa na mchana. Baridi iliingia kwenye meno. Niliifuata kamba kwa mkono mpaka nikagusa vyuma vya chujio, kisha nguo ya mpira, kisha mkono wa Odilo ukanikamata bega kwa nguvu ambayo alama yake ilikaa mwezi mzima. Viputo vyake vilikuwa vinatoka kwa haraka mno. Nikautafuta mkono wake wa pili, nikaubana polepole, nikaachia, nikaubana, kama Mzee Sefu alivyotufundisha: pumua na mimi. Tukakaa hivyo mpaka viputo vikapungua. Ndipo nikashuka kwenye mguu. Gogo lilikuwa limejisogeza na kulilaza lile pezi refu kati ya vyuma viwili, na shavu la mguu lilikuwa limekaza kama jiwe. Mtu mwingine angelivua pezi akaliacha. Lake halikuvulika, mguu ulikuwa umeshikwa na sufu iliyolowa na kuvimba ndani ya raba iliyobana. Nikajipindua kichwa chini ili nilifikie. Kwa mapezi yangu mafupi niliweza kujishikilia pale bila kugonga vyuma wala kutibua zaidi, teke dogo huku, teke dogo kule. Nikachomeka kisu kwenye kisigino cha raba, nikakata kuelekea kwangu ili nisimkate yeye. Raba ya bandarini ni ngumu. Ilipoachia, Odilo alipanda na mimi nikiwa nimemshika mkanda, nikimzuia asikimbilie juu.

Ukingoni Odilo alitapika, akafunikwa mablanketi, Sista akamnywesha chai ya moto yenye sukari nyingi. Mzee Sefu alipiga magoti, akaukanda ule mguu kwa mikono yote miwili, akisema "mwanangu, mwanangu." Kisha akanitazama mimi, na badala ya yote aliyoweza kusema akasema, "Nani alikuruhusu kuingia?"

"Hakuna," nikamjibu. "Na ungenikataza ningeingia vilevile."

Sitaki haki ya Odilo ipotee hapa. Siku ile msibani, tulipopata nafasi ya kuongea pembeni tukila wali, aliniambia kwamba baada ya kutuacha alikwenda Lupingu, ziwani, kufanya kazi ya kukamata samaki wa mapambo kwa ajili ya wafanyabiashara waliowasafirisha nje, na huko mapezi marefu meusi yalimfaa sana. Maji ya wazi, ya joto, mwendo mrefu. "Hayakuwa mabaya yale," alisema. Nikamwambia sijawahi kusema ni mabaya. Nilisema hayanifai, na hayakuufaa mlango ule. Hata Odilo, mwenye mguu uliokamatwa, ilimchukua miaka yote hiyo kuona tofauti ya maneno hayo mawili.

Jioni ile hakuna aliyenisemesha. Asubuhi nilikwenda kwa Mzee Sefu akiwa anakunja kamba, nikamwambia nitashuka kuyatoa magogo, kwa mapezi ya njano, na kwamba naomba ashike kamba yeye kwa sababu hakuna ajuaye kuishika kama yeye. Alikuja, akashika. Nilifanya kazi ile kidogo kidogo, gogo moja moja, nikifunga kamba nao wakivuta, nikitoka kuota moto na kurudi, mpaka nilipoweza kupitisha mkono wangu kwenye kila chuma cha chujio bila kukwama. Fundi akafungua valvu. Tukausikia mtambo ukianza kuguna chini bondeni, na wanawake waliokuwa na mahindi yao kwenye mashine wakapiga vigelegele.

Lakini Makambako neno lililofika kabla yetu lilikuwa jingine: Kandida amemtukana Mzee Sefu mbele ya watu. Mama Zaituni alinikalisha jikoni, akanimenyea hata chungwa. "Sema samahani, yaishe. Ni neno tu."

"Nitaomba radhi kwa sauti niliyotumia," nikamwambia. "Kwa nilichosema sitaomba."

"Una kiburi, mwanangu."

"Nina miguu, Mama."

Nikaomba radhi ya sauti. Mzee Sefu akaisikiliza akingojea sehemu ya pili. Sehemu ya pili haikuja, akatoka. Ukafuata ukimya wa miezi. Kazi zikasimama. Nikarudi kwenye chapati. Alikuwa akikaa meza ya karibu na jiko, hatua chache kutoka niliposimama, na anamwita mkewe: "Mwambie Kandida mchuzi umezidi chumvi." Nami namwambia Mama Zaituni: "Mwambie Mzee haijazidi." Mama Zaituni alikuwa anatazama dari. Madereva walianza kutoa maoni juu ya chumvi. Wengine upande wangu, wengine upande wake. Watu waliniuliza kwa nini sifungi mizigo nikarudi kwetu. Niliwajibu kwamba nikirudi kwetu itaonekana nilikosea.

Mvua za kwanza zilipoanza kugonga bati, alasiri moja akaingia jikoni mwenyewe. Alisimama mlangoni huku maji yakimtiririka kwenye kofia.

"Kuna mwanamke mmoja wa Igwachanya," akasema, na alikuwa anasema na mimi. "Amesikia habari za kule misheni. Anataka kujifunza. Anakuja kesho. Nenda naye sokoni ukamchagulie mapezi."

Nilikuwa na unga mikononi. Nikaupangusa kwanza.

"Sitamchagulia, Mzee. Nitamwonyesha namna ya kuyapinda na namna ya kukagua mkanda. Aje na soksi zake, avae, atembee. Akisema yanabana, yanabana."

"Na akikosea?"

"Akikosea, amekosea kwa miguu yake."

"Na mimi mwalimu kazi yangu itakuwa ipi?"

"Kumfundisha kupumua. Na kushika kamba."

Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu na moto, akaninyooshea miguu yake iliyolowa na kuniuliza, mimi, si Mama Zaituni, kama kuna chapati imebaki. Nikamwambia imebaki moja, na ni yangu, ila nikiombwa vizuri naweza kuikata. Akaomba vizuri.